Baden-Powell na Mkono wa Kuokoa
Robert Baden-Powell, mzaliwa wa London mwaka 1857, alizingirwa mjini Mafeking, Afrika Kusini, kwa siku 217 mnamo 1899 na 1900. Humo aliona wavulana wadogo wakipeleka barua chini ya mizinga, akatambua kuwa kijana akiaminiwa huwa mtu wa kutegemewa.

Mwaka 1907 aliwapeleka wavulana wapatao 20 kambini katika kisiwa cha Brownsea, wakafunzwa pia kuokoa maisha. Tangu hapo skauti hujifunza kukandamiza jeraha litokalo damu, kufunga mfupa uliovunjika kwa vijiti na skafu yake, na kutengeneza machela kwa fimbo mbili.

Alifariki Nyeri tarehe 8 Januari 1941, akazikwa huko. Ajali haina kinga, lakini mkono uliofunzwa huwa sababu ya uhai, Mungu akijaalia.