Herufi Mbili Kaburini

Kama unaishi Wawi, kule Pemba, njia ya kwenda hospitali ya Chake Chake usiku unaijua. Mgonjwa wako akibadilika ghafla saa nane za usiku, wa kwanza kuona ni muuguzi. Yeye ndiye anayehesabu pumzi na kumwita daktari. Asipozitambua dalili, au akiogopa kuita, unabaki na nani?

Leo nakukumbusha Florence Nightingale. Alizaliwa mwaka 1820 katika familia tajiri ya Kiingereza. Akiwa na miaka 16 aliamini kwamba Mungu amemwita kutumika. Nyumbani walimkatalia uuguzi, kwa kuwa siku zile ilikuwa kazi ya kudharauliwa. Alingoja miaka mingi. Mwaka 1851 ndipo alipokwenda Kaiserswerth, Ujerumani, akajifunza kwa miezi michache tu kwa mashemasi wanawake wa Kiprotestanti.

Mwaka 1854 aliongoza wauguzi 38 hadi Scutari, Uturuki, wakati wa vita vya Crimea. Habari za taa yake unazijua, sitazirudia. Wengi hawasimulii kwamba askari waliendelea kufa kwa wingi hospitalini mwake, na maradhi yaliua wengi kuliko majeraha. Vifo vilipungua baada ya wakaguzi wa serikali kusafisha mifereji ya maji machafu mwaka 1855. Vita vilipokwisha alikaa na hesabu, akaona kwamba uchafu wa jengo lile uliwaua watu aliokuwa akiwauguza kwa moyo wote. Hebu fikiri uchungu wake. Hata hivyo alizichora hesabu zile, akazipeleka kwa wakubwa.

Waingereza walikuwa wamemchangia zaidi ya pauni 40,000 kumshukuru. Fedha hizo zilifungua shule ya wauguzi katika hospitali ya St Thomas', London, mwaka 1860. Sisi makanisani, kila tarehe 12 Mei, siku aliyozaliwa, tunawapa wauguzi wetu khanga na keki, na ni vizuri. Lakini ni lini sadaka yetu ilimlipia muuguzi mmoja mafunzo ya kumtambua mgonjwa anayezidiwa?

Mwaka 1907 alipewa nishani ya Order of Merit, mwanamke wa kwanza kuipata. Alipofariki mwaka 1910, ndugu zake walikataa azikwe Westminster Abbey. Alizikwa kijijini East Wellow, na jina lake kaburini ni herufi mbili tu, F.N.