Shackleton: Aliyepoteza meli akaokoa watu wake

Wasimamizi wa kazi wanaohudhuria warsha za uongozi aghalabu hutajiwa jina la Ernest Shackleton. Mzaliwa huyu wa Ireland wa mwaka wa 1874 hakuifikia ncha ya kusini ya dunia, wala hakulivuka bara la Antaktika alivyoazimia. Sifa zake zatokana na safari iliyoharibika.

Mnamo Januari 1915, meli yake, Endurance, ilinaswa na barafu ikiwa na watu 28. Ilibanwa hadi ikazama mwezi Novemba. Lengo likawa moja tu: kila mtu arudi kwao akiwa hai.

Mbinu zake hazikuwa za makuu. Melini, maafisa na wanasayansi walipiga deki kwa zamu sawa na mabaharia. Mifuko ya kulalia ya manyoya ilipokuwa 18 pekee, kura ilipigwa, na wakubwa wakaangukia ile hafifu ya sufu. Yasemekana kura yenyewe ilipangwa. Mpiga picha Frank Hurley, aliyependa kusifiwa, aliwekwa katika hema la kiongozi. Mizigo ilipotupwa, banjo ya Leonard Hussey iliokolewa, maana wimbo nao ni chakula.

Aprili 1916 walifika kisiwa cha Elephant. Shackleton akawaacha watu 22 chini ya naibu wake, Frank Wild, akasafiri na watano kwa mashua takriban kilomita 1,300 hadi South Georgia. Miongoni mwa watano hao alikuwamo seremala Harry McNish, ambaye hakutaka abaki nyuma kuzua fitina. Kisiwani, Wild aliwaamuru wenzake kila asubuhi kufunga virago, kwani huenda mkubwa angefika siku hiyo. Alifika Agosti 30, katika jaribio la nne, kwa meli ya Chile, Yelcho. Wote 22 walikuwa hai.

Hata hivyo, watatu wa kundi lake la upande wa pili wa bara walifariki, jambo ambalo wasifu wengi hulipitia upesi. Naye McNish, aliyeinua kingo za mashua iliyowaokoa, alinyimwa nishani kwa kuwahi kukaidi amri barafuni. Huo, kwa maoni yetu, ulikuwa uchoyo.

Shackleton alifariki kwa maradhi ya moyo huko South Georgia Januari 1922, katika safari nyingine. Wakongwe kadhaa wa Endurance walikuwa wamemfuata tena, ingawa baadhi yao hawakuwa wamelipwa mishahara yao yote. Alizikwa huko. Mwaka wa 2011, majivu ya Wild yalizikwa kando yake.