James Naismith: Aliyeacha Mimbari Akashika Mpira

Muhula uliopita mwalimu anayetushauri kuhusu kazi na masomo ya baadaye alitugawia sisi wa kidato cha tatu karatasi moja moja. Tulitakiwa tujaze kozi tatu ambazo tungependa kusomea chuo kikuu, kisha mzazi atie sahihi pale chini. Wenzangu walijaza haraka haraka: udaktari, uanasheria, uhandisi, basi wakatoka kwenda kula chamcha. Mimi niliandika kinesiolojia. Jirani yangu wa dawati alichungulia, akauliza kama huo si ugonjwa wa ng'ombe. Darasa zima likaangua kicheko, nami nikacheka pia, maana ningefanya nini?

Sasa nimepewa nafasi na mlezi wa chama chetu nijibu. Kinesiolojia ni elimu ya mwendo wa mwili. Inachunguza jinsi mifupa, misuli na neva zinavyoshirikiana hadi mtu akaweza kutembea, kuruka, au kubeba ndoo ya maji kichwani bila kumwaga hata tone. Mnakumbuka habari za wenzo tulizosoma katika fizikia? Basi mkono wako ni wenzo. Kiwiko ndicho egemeo, mzigo uko kiganjani, na msuli wa mbele ya mkono unavuta karibu kabisa na kiwiko. Kwa hiyo msuli huo hulazimika kuvuta kwa nguvu nyingi kuliko uzito wa mzigo wenyewe, lakini kiganja nacho hupata kwenda mbali na kwa kasi. Bila hivyo hakuna mtu angeweza kurusha jiwe.

Mimi hamu hii niliipata hospitalini. Babu yangu alipatwa na kiharusi, na kila Jumamosi nilikuwa nikimsindikiza kwa mtaalamu wa tiba ya viungo. Kabla ya kumwambia apige hatua, mtaalamu yule alimfanya ahamishe uzito wake taratibu kutoka mguu huu hadi ule, huku na huko, hata nusu saa. Nilidhani anatupotezea wakati. Wiki chache baadaye babu alivuka chumba akiwa na mkongojo tu. Tangu siku hiyo nikawa namtazama kila mtu anavyotembea.

Mama hataki kusikia. Yeye husema michezo ni ya kucheza, si ya kusomea, na kwamba hakuniuzia kuku wake anilipie karo ili nikapulize filimbi uwanjani. Simlaumu. Ila niliamua kutafuta mtu wa zamani aliyeipita njia hii, nione ilimfikisha wapi. Nikamkuta James Naismith. Wengi wenu mnamjua, kama mnamjua, kwa sababu ya mpira wa vikapu. Mimi nilivutiwa zaidi na vyeti vyake.

James alizaliwa tarehe 6 Novemba 1861 karibu na mji mdogo wa Almonte, jimbo la Ontario, nchini Kanada. Akiwa na umri wa miaka minane au tisa hivi, wazazi wake wote wawili walifariki kwa homa ya matumbo. Yeye na ndugu zake wakalelewa na jamaa, hasa mjomba wao Peter, mtu mkali asiyependa mchezo. Inasimuliwa kwamba siku moja kijana James alijaribu kuvuka mto ulioganda akiwa na farasi, barafu ikavunjika, farasi wakatumbukia. Akahangaika nao hadi akawatoa. Alipoinua macho alimwona mjomba amesimama nyuma ya miti, anamtazama tu. Hakuja kumsaidia. Jamani, mjomba kama huyo!

Shule aliiacha akiwa na miaka kama kumi na mitano. Ndiyo, aliiacha. Alikwenda kufanya kazi katika kambi za wakata miti msituni, akakaa huko miaka kadhaa. Kisha akarudi darasani akiwa mtu mzima, akakaa na watoto wadogo, akamaliza. Alipoingia Chuo Kikuu cha McGill mjini Montreal mwaka 1883 alikuwa anakaribia miaka 22. Nia yake ilikuwa moja: awe mchungaji wa Kanisa la Presbiteri. Dada yake Annie ndiye aliyefurahi kuliko wote.

Huko McGill alikuwa akisoma usiku na mchana mpaka marafiki zake wakamfuata chumbani wakamwambia afya yake itaharibika, afadhali aende ukumbi wa mazoezi. Akaenda. Kumbe ndio mwanzo! Akacheza raga, akafanya sarakasi, na mwalimu wa mazoezi wa chuo alipofariki, James akachukua nafasi yake huku bado anasoma theolojia. Wenzake wa theolojia waliona aibu. Wakati huo watu wengi wa dini waliuona ukumbi wa mazoezi kuwa ni mahali pa wahuni, na wapo waliomwombea aachane nao. Jumapili moja alipanda mimbarini kuhubiri akiwa na macho mawili meusi, kwa sababu ya mechi ya raga ya jana yake.

Kilichomgeuza ni jambo dogo. Katika mechi moja mchezaji mwenzake alikasirika, akatoa matusi mazito, halafu akagundua kwamba James yuko karibu, akamwomba radhi. James hakuwa amemwambia lolote. Aliwaza kwamba labda kijana anaweza kufunzwa wema uwanjani kuliko anavyoweza kufunzwa kanisani. Mwaka 1890, akiwa amemaliza theolojia, aliiacha njia ya uchungaji, akavuka mpaka kwenda Springfield, jimbo la Massachusetts, Marekani, katika chuo cha YMCA kilichofundisha walimu wa mazoezi ya mwili. Annie alikasirika sana. Inasemekana hadi uzeeni hakumsamehe ndugu yake kwa kuacha kazi ya Mungu. Mimi niliposoma hapo nilifunga kitabu kwanza nikamfikiria mama.

Habari za Springfield nitazipitia mbio kwa kuwa ndizo zinazojulikana. Mkuu wake, Luther Gulick, alimpa darasa la wanaume 18 watundu waliochoshwa na mazoezi ya ndani wakati wa baridi. Walimu wawili walikuwa wameshashindwa nao. Naismith alipewa siku 14 abuni mchezo mpya. Alijaribu kuuingiza ndani mpira wa miguu, raga na mingineyo, watu wakaumizana. Ndipo akafikiri kama mwanafunzi wa mwendo wa mwili. Alijiuliza mchezaji anaumia wakati gani. Jibu: anapokimbia na mpira, maana wengine hawana budi kumkamata na kumwangusha. Basi akakataza kukimbia nao. Halafu akajiuliza mpira unarushwa kwa nguvu wakati gani. Jibu: lango likiwa chini mbele yako. Akaliweka juu, akikumbuka mchezo wa utotoni kijijini kwao wa kurusha mawe, ambapo aliyerusha jiwe lipinde hewani alimshinda aliyevurumisha tu. Mtunza jengo hakuwa na masanduku aliyotaka, akamletea vikapu viwili vya matunda ya pichi. Wakavigongomea kwenye roshani, kiasi cha mita tatu kutoka sakafuni. Hiyo ilikuwa Desemba 1891. Wachezaji walikuwa tisa kila upande, kanuni 13, na mechi ya kwanza iliisha kwa bao moja kwa bila. Kila mpira ukiingia, ilibidi mtu apande ngazi autoe!

Walimu wa kike wa shule ya jirani walikuja kutazama, wakaomba nao wacheze. Mmoja wao, Maude Sherman, ndiye aliyekuja kuwa mke wake mwaka 1894. Na huko Uingereza wanawake waliuchukua mchezo wenyewe, wakaubadilisha, ukawa mpira wa pete, ndio huo huo ambao dada zetu hapa shuleni wanawafungia shule zote za jirani.

Mtu mwingine angekaa hapo akavimba kichwa. Naismith alirudi kusoma. Aliona kwamba kuwafanyisha watu mazoezi bila kuujua mwili kwa ndani ni kama kuendesha gari usiku bila taa. Mwaka 1895 alihamia Denver, mchana akafanya kazi YMCA, na wakati huo huo akasomea udaktari katika Chuo cha Tiba cha Gross. Alihitimu mwaka 1898. Mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Kansas kikamwajiri asimamie mazoezi ya mwili pamoja na ibada za chuo. Yaani ile theolojia haikupotea bure.

Hapa nataka nisimame kidogo, hasa kwa wale wanaojaza fomu kama yangu. Naismith hakuwa daktari kwa sababu alijua mazoezi. Alikwenda shule ya udaktari kando. Hata sasa ni vivyo hivyo. Shahada ya kinesiolojia peke yake haikufanyi mtaalamu wa tiba ya viungo. Kanada lazima uongeze shahada ya uzamili, na Marekani huongezwa shahada ya juu zaidi. Hapa kwetu Kenya tiba ya viungo ina kozi yake mbali na lazima uwe na leseni. Anayetaka sayansi ya mazoezi na michezo atafute kwa jina hilo, kwa mfano Chuo Kikuu cha Kenyatta kina idara yake, maana neno kinesiolojia huenda asilione popote kwenye orodha ya KUCCPS. Ukitoka huko unaweza kufundisha, kuwanoa wanariadha, kuwapima na kuwapangia mazoezi, au kuendelea na utafiti. Na kiwango cha chini cha kuingia chuo kikuu ni C+, kwa hiyo tusiichezee biolojia. Mdogo wangu aliye katika mtaala mpya ana bahati, kwao Sanaa na Sayansi ya Michezo ni njia rasmi ya shule ya upili. Sisi kipindi cha mazoezi kikifika, mara nyingi huwa ni hesabu.

Tumrudie mzee. Alipokuwa kocha wa Kansas alishinda mechi 55 akashindwa 60. Aliyebuni mchezo ndiye kocha pekee wa chuo hicho aliyeshindwa mara nyingi kuliko alivyoshinda! Haikumsumbua. Alipenda kumpima mwanafunzi kifua, mgongo na mapafu, ajue mazoezi gani yatamfaa, kuliko kuhesabu vikombe. Vita Vikuu vya Kwanza vilipopiganwa alikwenda Ufaransa na YMCA, akawa huko na askari kuanzia 1917 hadi 1919. Uraia wa Marekani aliupata mwaka 1925.

Mwaka 1933 kijana mweusi aitwaye John McLendon aliingia Kansas kusomea elimu ya mazoezi ya mwili. Timu ya chuo haikuwachukua weusi. Naismith, mzee wa zaidi ya miaka 70, akamchukua awe mwanafunzi wake, akamfundisha na kumtetea. McLendon alipata shahada yake mwaka 1936 bila kuvaa jezi ya chuo hata siku moja. Akawa kocha, na timu yake ya chuo cha watu weusi cha Tennessee ikatwaa ubingwa wa taifa wa NAIA mara tatu mfululizo, 1957, 1958 na 1959.

Mwaka huo wa 1936 mpira wa vikapu uliingizwa katika Olimpiki ya Berlin. Naismith hakuwa tajiri, ikabidi makocha wa Marekani wachange pesa za kumpeleka. Yeye ndiye aliyeurusha mpira wa mechi ya kwanza, Estonia na Ufaransa. Fainali ilichezwa nje, kwenye udongo, mvua ikinyesha kiasi kwamba mpira haukuweza kudunda. Marekani iliifunga Kanada 19 kwa 8, nchi yake ya uraia na nchi aliyozaliwa, na yeye ametazama.

Alifariki tarehe 28 Novemba 1939 mjini Lawrence, Kansas. Karatasi yenye zile kanuni 13 iliuzwa kwa mnada mwaka 2010 kwa zaidi ya dola milioni nne. Na McGill, pale walipomwombea aache ukumbi wa mazoezi, sasa kuna idara nzima ya kinesiolojia.

Haya yote nilimsimulia mama jikoni, akiwa anachagua maharagwe. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza huyo dada, Annie, alikuwa na watoto wangapi wa kusomesha. Sikujua. Babu akacheka kutoka sebuleni, kisha akainuka mwenyewe, akaja mpaka mlangoni na mkongojo wake akasimama hapo. Mama akamtazama. Fomu bado iko ndani ya daftari langu la biolojia, na mwalimu anaitaka Ijumaa.