Mwanafizikia aliyehamisha mito ya viti usiku ili kuponya ukumbi

WENGI wa wapenzi wa muziki hutumia fedha nyingi kununua spika na amplifaya za kifahari, kisha huziweka katika sebule yenye sakafu ya vigae, madirisha mapana ya vioo na kuta tupu. Sauti inayotoka humo huwa kali, maneno hugongana na ngoma huvuma kama zinazopigwa ndani ya tangi la maji. Mwenye nyumba hulaumu mitambo. Kumbe mwenye kosa ni chumba, na aliyelithibitisha jambo hilo kwa hesabu aliaga dunia mwaka 1919, kabla ya wengi wetu kuwa na babu waliowahi kuona redio.

Jina lake ni Wallace Clement Sabine. Alizaliwa Juni 13, 1868, katika mji mdogo wa Richwood, jimbo la Ohio, Marekani. Alikuwa mtoto mwepesi wa masomo kupita kiasi, kwani alihitimu Chuo Kikuu cha Ohio State mwaka 1886 akiwa na umri wa miaka 18 pekee. Kutoka huko alijiunga na Chuo Kikuu cha Harvard, akapata shahada ya uzamili mwaka 1888 na kubaki hapo akifundisha fizikia. Shahada ya uzamifu hakuwahi kuipata, wala haionekani kwamba ilimkosesha usingizi.

Kazi iliyomletea umaarufu hakuichagua mwenyewe. Mnamo 1895 Harvard ilifungua jumba la sanaa la Fogg, lenye ukumbi wa mihadhara uliopendeza macho lakini usiosikika. Mhadhiri alipotamka neno, sauti yake iliendelea kuzunguka ukumbini kwa zaidi ya sekunde tano, na kwa muda huo alikuwa ameshatamka maneno mengine kadha juu yake. Rais wa chuo, Charles William Eliot, alimwita mwalimu huyo kijana na kumtaka atafute dawa. Wataalamu wakubwa walikuwa wamelikwepa suala hilo kwa miaka mingi. Wajenzi wa wakati huo walikisia tu. Wapo waliotundika nyaya darini wakiamini zingekata mwangwi, na nyaya hizo hazikusaidia kitu.

Sabine aliamua kupima. Vifaa vyake vilikuwa filimbi ya kinanda iliyotoa mlio wa mitetemo 512 kwa sekunde, chombo cha kunakili muda na masikio yake mwenyewe. Alipiga filimbi, akaizima ghafla, kisha akahesabu muda ambao mlio ulibaki hewani hadi sikio lisiweze kuusikia tena. Kwa kuwa tramu na wapita njia walileta kelele mchana, alifanya kazi hiyo usiku wa manane.

Jirani na Fogg palikuwa na ukumbi wa Sanders, uliosifiwa kwa usikivu wake, na viti vyake vilikuwa na mito. Usiku baada ya usiku, Sabine na wasaidizi wake waliibeba mito hiyo hadi Fogg, wakaipanga safu moja moja na kupima kila safu ilipoongezwa. Kabla ya mapambazuko waliirudisha yote mahali pake ili watumiaji wa Sanders wasikose pa kukalia. Mlio uliodumu kwa sekunde tano na zaidi ukumbi ulipokuwa mtupu ulishuka hadi sekunde moja na kitu mito yote ilipoingizwa. Ilidhihirika kwamba kila kitu chumbani, uwe mto, zulia, pazia au mtu, hufyonza kiasi fulani cha sauti, na kwamba kiasi hicho kinaweza kuhesabiwa.

Hapa ndipo tabia ya mtu huyu inapojitokeza. Baada ya miezi ya kukesha, Sabine aligundua kwamba matokeo yake yalitofautiana kidogo kulingana na mavazi aliyokuwa nayo. Koti lake lilifyonza sauti! Mwingine angalisamehe dosari hiyo ndogo. Yeye alivitupa vipimo zaidi ya 3,000 na kuanza upya, na tangu siku hiyo alivaa mavazi yale yale kila alipopima, kuanzia koti hadi viatu.

Eliot alianza kukosa subira. Miaka miwili na zaidi ilikuwa imepita na Fogg ulikuwa bado haujatibiwa. Hatimaye, mwaka 1898, kuta za ukumbi huo ziliwekwa tabaka za manyoya ya wanyama yaliyoshindiliwa, nao ukawa wa kutumika ingawa haukuwa bora. Mwaka huo huo Henry Lee Higginson, tajiri aliyeianzisha Okestra ya Boston, alitaka kujenga ukumbi mpya wa muziki, na Eliot akampendekeza Sabine kuwa mshauri.

Sabine alisita. Alikuwa na rundo la tarakimu lakini hakuwa na kanuni moja ya kuziunganisha, na kuharibu ukumbi wa okestra si sawa na kuharibu darasa. Aliomba muda, akazirudia karatasi zake nyumbani alikoishi na mamaye. Jioni moja ya mwishoni mwa Oktoba alimwita mama huyo kwa furaha kumweleza kwamba mchoro wa vipimo vyake ulikuwa haipabola. Maana yake kwa lugha nyepesi ni hii: muda wa mvumo huongezeka ujazo wa chumba unapoongezeka, na hupungua kadiri vifyonza sauti vinavyozidi. Kipimo alichokichagua kilikuwa dirisha lililo wazi, kwa kuwa sauti ikishapita hapo hairudi.

Kwa vipimo vya mita, ujazo huzidishwa kwa 0.161 kisha hugawanywa kwa jumla ya ufyonzaji. Tuseme sebule ina urefu wa mita tano, upana wa mita nne na kimo cha mita tatu. Ujazo wake ni mita 60 za ujazo. Ikiwa ufyonzaji wote ni sawa na mita nane za mraba za dirisha wazi, mvumo utadumu sekunde 1.2. Anayetaka sekunde 0.4, ambazo ni wastani mzuri kwa chumba cha kusikilizia muziki uliorekodiwa, atahitaji ufyonzaji wa mita 24 za mraba. Ndiyo sababu zulia zito, kochi la kitambaa na mbao za pamba-mawe ukutani huweza kufanya kazi ambayo spika mpya haiwezi.

Ukumbi wa Boston ulikuwa mtihani halisi. Msanifu Charles McKim alitaka kuufuata mfano wa Leipzig, Ujerumani, uliokuwa wa watu wapatao 1,500, kwa kuukuza ili utoshe watu 2,600 hivi. Sabine alimwonya kwamba ukuzaji wa aina hiyo ungezidisha ujazo na kuufanya muziki uelee. Umbo la sanduku refu lilibakia, ila vipimo vilibadilishwa na jukwaa likazungushiwa kuta zilizoinama ili kusukuma sauti kwa wasikilizaji. Alitabiri mvumo wa sekunde 2.31.

Ukumbi ulifunguliwa Oktoba 15, 1900. Baadhi ya wahakiki waliuponda, na shutuma hizo zilimuuma Sabine. Ni kweli pia kwamba utabiri wake haukuwa kamili. Watafiti waliomfuata walipata takriban sekunde 1.9 watu wakiwa wamejaa, kwa kuwa alikadiria pungufu kiasi ambacho watu vitini hufyonza. Hata hivyo, Symphony Hall leo huhesabiwa miongoni mwa kumbi bora kabisa duniani.

Mwaka huo huo alimwoa Jane Kelly, daktari, nao wakajaliwa mabinti wawili.

Jaribio lake linalopaswa kuwavutia zaidi wenye vyumba vya kusikilizia alilifanya muda mfupi baadaye, katika chuo cha muziki cha New England mjini Boston. Walimu wa muziki walisikiliza piano katika vyumba vitano tofauti huku mito ikiingizwa na kutolewa hadi waliporidhika. Walipoulizwa hawangeweza kueleza kwa sekunde walichokipenda, lakini masikio yao yalikutana karibu na sekunde 1.08, kwa tofauti ya sehemu ndogo tu. Chumba cha spika huhitaji mvumo mfupi zaidi ya huo kwa sababu muziki uliorekodiwa huja tayari umebeba mvumo wa mahali uliporekodiwa.

Vilevile alipima sauti nene na nyembamba, kuanzia mitetemo 64 hadi 4,096, akaonyesha kwamba kitu kimoja hakifyonzi zote sawasawa. Wanaotandika zulia jembamba kisha wakashangaa kwamba besi bado inanguruma wangefaa kuzisoma kurasa hizo. Ni haki kuongeza kwamba katika chumba kidogo kanuni yake huyumba kwenye besi, kwani mawimbi marefu husimama kati ya kuta na kulundikana pembeni.

Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Sabine alikwenda Ufaransa, akafundisha Paris na kusaidia masuala ya ndege za kivita, ingawa figo zilikuwa zimeanza kumsumbua. Aliporejea Marekani aligawa wiki zake kati ya Washington na Harvard, akiahirisha upasuaji aliouhitaji. Alifariki Januari 10, 1919, akiwa na umri wa miaka 50.

Wakati huo, mjini Geneva, jimbo la Illinois, tajiri George Fabyan alikuwa amemjengea maabara ya sauti iitwayo Riverbank. Ilikamilika mwaka 1918, naye hakupata kuitumia. Kazi ilishikwa na Paul Sabine, jamaa yake wa mbali. Maandishi yake yalikusanywa na kuchapishwa mwaka 1922, na kipimo cha ufyonzaji wa sauti kikapewa jina la sabini. Ukumbi wa Fogg, uliomtesa kwa miaka mitatu, ulibomolewa mwaka 1973.