Bibi Florence Nightingale

Tarehe 12 Mei, mwaka wa 1820, bwana mmoja Mwingereza na mkewe walijaliwa mtoto wa kike walipokuwa safarini katika nchi ya Italia. Mji waliokaa uliitwa Florence, nao wakampa mtoto jina la mji. Bwana Nightingale alikuwa tajiri, mwenye nyumba mbili kubwa katika Uingereza. Binti zake wawili aliwafundisha mwenyewe Kigiriki, Kilatini na historia. Na Florence alipenda hesabu kupita masomo mengine. Likumbukeni neno hilo la hesabu, maana tutalirudia.

Alipokuwa na umri wa miaka 16 alisadiki kwamba Mungu amemwita amtumikie, lakini hakujua bado kwa kazi gani. Baadaye akajua kwamba ni kuuguza wagonjwa. Siku zile kazi hiyo ilidharauliwa sana. Wauguzi wengi wa hospitali hawakufundishwa lo lote, na baadhi yao walikuwa walevi. Basi katika mwaka wa 1845 alipowaomba wazazi wake ruhusa ya kwenda kujifunza katika hospitali ya Salisbury, walikataa kabisa. Binti wa watu wenye cheo, aende kuosha vidonda vya watu asiowajua! Florence alingoja miaka. Aliamka kabla ya mapambazuko, akawasha mshumaa, akasoma taarifa za hospitali za nchi nyingi, kisha akashuka kula chakula cha asubuhi na jamaa zake kama kwamba hakuna jambo. Mwaka wa 1851 alipata kukaa miezi mitatu Kaiserswerth, katika Ujerumani, mahali ambapo wanawake Wakristo walifundishwa kuwatunza wagonjwa na maskini.

Mwaka wa 1853 akapewa kusimamia nyumba ndogo ya kuwatunza mabibi wagonjwa katika London, mtaa wa Harley. Tangu mwanzo alitaka kila mgonjwa awe na kengele. Lakini kengele zikilia katika nyumba yenye ghorofa nyingi, mwuguzi atajuaje ni nani aitaye? Kwa hiyo akataka kengele zilie nje ya mlango wa mwuguzi, tena kila moja iwe na kifuniko kidogo kitakachofunguka na kubaki wazi, ili mwuguzi aone mara moja ni mgonjwa yupi. Aliona kwamba mgonjwa aliyelala peke yake, akiita asisikiwe, ana ugonjwa wa pili juu ya ule wa kwanza.

Mwaka uliofuata Waingereza, Wafaransa na Waturuki walikuwa wakipigana na Warusi katika Crimea, kando ya Bahari Nyeusi. Askari Waingereza waliojeruhiwa na waliougua walipelekwa kwa merikebu mpaka Scutari, ng'ambo ya mji wa Constantinople, ambao leo huitwa Istanbul. Magazeti ya London yakatoa habari kwamba watu hao wanakufa bila matunzo. Waziri mmoja, Bwana Sidney Herbert, aliyekuwa rafiki ya Bibi Nightingale, akamwomba aende. Akaondoka mwezi wa Oktoba 1854 pamoja na wauguzi 38, akafika Scutari tarehe 4 Novemba.

Hapo alikuta nyumba kubwa mno ya askari iliyogeuzwa kuwa hospitali. Wagonjwa walilala sakafuni katika mistari mirefu. Nguo safi hazikuwako, mabeseni hayakuwako, na panya walikuwa wengi. Madaktari wa jeshi hawakufurahi kuwaona wanawake. Bibi Nightingale aliwaamuru wauguzi wake wasimguse mgonjwa hata mmoja mpaka daktari awaite. Wengine walinung'unika sana, kwa kuwa walisikia vilio vya wagonjwa nao wameketi wakishona mashuka. Yeye alijua kwamba wakigombana na madaktari siku ya kwanza, watarudishwa kwao, na wagonjwa hawatapata faida yo yote. Siku chache baadaye majeruhi wakaja kwa mamia, na madaktari wenyewe wakawaita.

Alikataza mwanamke ye yote kuingia katika vyumba vya wagonjwa baada ya saa mbili usiku, ila yeye mwenyewe. Usiku alipita peke yake kati ya vitanda, ameshika taa ya Kituruki, ile iitwayo fanusi. Na watu wetu wa pwani wanalo jina lilo hilo. Husimama kwa huyu, huinama kwa yule. Kwa taa hiyo ndiyo amejulikana duniani kote, na picha zake zaonyesha taa. Mimi naona picha hizo zimesahau kalamu. Maana askari alipokuwa akifa, alimwuliza maneno anayotaka kuwapelekea watu wake. Na alipokwisha kufa, Bibi akaketi usiku ule ule, akamwandikia mama au mke wa marehemu jinsi alivyokufa na maneno aliyoyasema, akampelekea na vitu vyake vichache. Katika vita vya zamani mama wa askari mdogo aliweza kungoja miaka bila kujua mwanawe yu wapi.

Maofisa wengine walisema kwamba askari ni walevi tu, hawawezi kuweka fedha. Bibi aliongea na askari wenyewe, akasikia kwamba wangependa kuzipeleka nyumbani lakini hawana njia. Njia ilipofunguliwa, katika miezi sita walipeleka paundi 71,000.

Hata hivyo watu walizidi kufa. Mwezi wa Februari 1855, katika kila wagonjwa 100 walikufa 42, na wengi wao hawakuuawa na vidonda, bali na kuhara na homa. Mwezi wa Machi wakaja wajumbe kutoka Uingereza kukagua usafi. Wakafukua mifereji ya maji machafu iliyoziba chini ya nyumba, na katika mfereji wa maji ya kunywa wakakuta mzoga wa farasi. Walipokwisha kusafisha, vifo vilipungua sana. Kufika Juni walikufa 2 tu katika 100.

Vita ilikwisha, naye akarudi kwao mwaka wa 1856. Watu wote walimsifu kwamba ameokoa maisha ya maelfu. Yeye hakukubali kupumzika katika sifa hizo. Akaketi na Bwana William Farr, mjuzi wa hesabu za vizazi na vifo, wakazipanga habari zote za vita mwezi kwa mwezi. Hapo ndipo alipoona wazi jambo chungu. Alikuwa amedhani kwamba askari wale walikufa hasa kwa njaa na uchovu waliofika nao kutoka Crimea. Kumbe uchafu wa nyumba yenyewe ndio uliowaua, na hospitali yake ilikuwa miongoni mwa zile zilizopotewa na watu wengi kupita zote. Fikirini: nchi nzima inamwimbia mtu, naye ana mkononi karatasi inayoonyesha kwamba watu walikuwa wakifa chini ya mikono yake kwa sababu asiyoitambua. Angaliweza kuikunja. Aliipiga chapa, akaigawa kwa wakubwa waliokuwa na uwezo wa kubadili mambo. Tena alijua kwamba wakubwa hawasomi safu ndefu za tarakimu. Basi akachora duara lililogawanywa kwa miezi 12, rangi moja kwa waliokufa kwa vidonda, rangi nyingine kwa waliokufa kwa magonjwa yanayoweza kuzuiwa. Mtu akitazama mara moja, ameelewa. Jeshi likaanza kujenga nyumba na hospitali bora.

Mwaka wa 1860 alitoa kitabu kidogo juu ya uuguzi, na ndani yake mna habari ya kusema na kunyamaza. Alifundisha kwamba anayezungumza na mgonjwa aketi mbele yake, mahali atakapoonwa bila mgonjwa kugeuza kichwa. Asimsemeshe kutoka nyuma wala mlangoni, wala mgonjwa anapotembea, maana atasimama kumjibu na huenda akaanguka. Asimkatize maneno, wala asimfanye ayarudie. Mwuguzi akitaka kutoka, amwambie mgonjwa kwamba anatoka na saa atakayorudi, ili asilale akihesabu nyayo za watu.

Alichukia kuliko yote minong'ono karibu na chumba cha mgonjwa. Nami jambo hili nalifahamu. Nilipokuwa kijana nililazwa kwa homa, na mjomba wangu akanong'ona na mwuguzi nyuma ya mlango. Usiku kucha sikupata usingizi, nikidhani wananipimia sanda. Asubuhi nikajua kwamba walikuwa wakisema habari ya nauli ya kunirudisha nyumbani.

Aliwakemea pia wageni wanaomwambia kila mgonjwa kwamba atapona upesi, hali hawajui cho chote juu ya ugonjwa wake. Mgonjwa hatulizwi na maneno hayo; huona tu kwamba hakuna anayetaka kusikia hali yake ya kweli. Na kwa daktari, mwuguzi asiseme kwamba mgonjwa amelala vizuri. Aseme amelala saa ngapi, na usingizi ulikatika wakati gani. Asiseme kwamba anakula, hali sahani inarudi jikoni imejaa. Aseme amekula nini, na kiasi gani. Daktari hupita mara moja tu. Macho yake mchana na usiku ni mwuguzi.

Mwaka huo huo wa 1860, kwa fedha walizochanga watu kumheshimu, ilifunguliwa shule ya wauguzi katika hospitali ya St Thomas, London. Waliofundishwa hapo wakaenda nchi nyingi kufundisha wengine. Yeye mwenyewe alikuwa mgonjwa kwa miaka mingi tangu homa aliyoipata Crimea, hata mara nyingi hakutoka chumbani, lakini kwa barua alifanya kazi na mawaziri, madaktari, na hata watu wa India, nchi asiyopata kuiona.

Mwaka wa 1890 walimjia na chombo cha kunasa sauti, kilichobuniwa na Edison. Akasema maneno machache kwa ajili ya askari wazee maskini waliopigana Balaclava, na sauti hiyo yasikika hata leo. Katika uzee wake macho yalipofuka. Mwaka wa 1907 mfalme alimpa nishani kubwa ambayo mwanamke hakupata kupewa kabla yake. Alikufa tarehe 13 Agosti 1910, mwenye umri wa miaka 90. Serikali ilitaka kumzika Westminster Abbey, kati ya wakuu wa nchi. Jamaa zake wakakataa, maana mwenyewe alitaka maziko yasiyo na fahari. Akazikwa katika kijiji cha East Wellow, pamoja na wazazi wake, na jeneza lake lilichukuliwa na askari. Juu ya jiwe, kwa jina lake, ziliandikwa herufi mbili tu, F.N., na tarehe za kuzaliwa na kufa kwake.