Askofu Festo Kivengere: aliacha pombe, moyo ukaendelea kuponywa



Festo Kivengere alizaliwa mwaka 1919 huko Rukungiri, Uganda. Akiwa mwalimu kijana alimwacha Mungu, akashika pombe. Wakati huo uamsho ulioanzia Gahini, mashariki ya Kigali, ulikuwa umefika kwao, na walokole walimkera sana.

Mwaka 1941, akitoka kunywa, alikutana na rafiki yake akiwa kwenye baiskeli. Rafiki huyo alimshuhudia kwamba Yesu amemwokoa, kisha akamwomba msamaha. Festo aliingia chumbani kwake, akaomba, akaokoka.

Pombe ilitoka, lakini chuki ilikuwa bado. Kulikuwa na Mwingereza mmoja ambaye hakutaka hata kumwona. Aliendesha baiskeli kama kilomita 80, akitetemeka moyoni, ili kumwomba msamaha. Wakaagana kama ndugu.

Baadaye alifundisha Dodoma, Tanzania, na mwaka 1972 akawa Askofu wa Kigezi. Februari 1977, katika utawala wa Idi Amin, Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa. Festo na mkewe Mera walivuka milima usiku kwa miguu, wakaingia Rwanda. Akawa mkimbizi kama sisi.

Miaka 36 ilikuwa imepita tangu aokoke, lakini uchungu ulimjaa tena. Ijumaa Kuu ya mwaka huo, akiwa kanisani London, aliona kwamba hawezi kutazama msalaba huku akimchukia Amin. Akamsamehe. Alirudi nyumbani mwaka 1979, Amin alipokwisha kuanguka, na akafariki Nairobi mwaka 1988.

Ndugu uliyeacha urwagwa au kanyanga, huenda sasa unalia bila sababu, unawakasirikia watoto, au unawakumbuka waliobaki njiani. Usidhani wokovu wako umeshindwa. Pombe ilikuwa imeyalaza maumivu, na sasa yameamka. Usirudi kuyalaza tena. Mtafute mchungaji au ndugu unayemwamini, umweleze. Familia nanyi mvumilieni, msimkumbushe ya zamani kila siku.

Tena, mtu aliyezoea kunywa sana akiacha ghafula, akatetemeka, akapata kifafa au akaona vitu visivyokuwepo, msiishie kumwombea tu. Mpelekeni haraka kituo cha afya, anaweza kufa.

Festo alisamehe zaidi ya mara moja. Nasi tusione aibu kuanza tena.

Mungu awabariki.