Daktari Koch na Vijidudu vya Hewani

Kwetu Itetemia, karibu na mji wa Tabora, nimewasikia watu wakisema kwamba kifua kikuu ni ugonjwa wa ukoo. Basi mwenye kukohoa huficha kikohozi chake asiwaaibishe ndugu zake, akalala chumba kimoja na watoto, madirisha yamefungwa. Kwa hiyo nimeona vema kuwasimulia wasomaji wa gazeti letu habari za Daktari Robert Koch.

Koch alizaliwa Clausthal, Ujerumani, tarehe 11 Desemba 1843. Alihitimu udaktari mwaka 1866, kisha akawa mganga wa serikali katika mji mdogo wa Wollstein. Hakuwa na maabara kubwa, lakini alikuwa na hadubini na subira. Mwaka 1876 akathibitisha kijidudu kinacholeta kimeta.

Baadaye akahamia Berlin. Huko aliona kwamba kipande cha kiazi kilichochemshwa, kikiachwa wazi, huota madoa madogo ya rangi mbalimbali. Akatambua kwamba kila doa ni kizazi cha kijidudu kilichoangukia pale. Basi akatengeneza chakula cha vijidudu chenye kuganda, akakimimina juu ya vioo. Chakula hicho kikiachwa wazi, vijidudu vya hewani hukiangukia, na baada ya siku chache madoa yao huhesabika. Hivyo hewa iliyodhaniwa kuwa tupu ikaonekana ina wakazi.

Tarehe 24 Machi 1882 akawatangazia wataalamu wa Berlin kwamba amekiona kijidudu cha kifua kikuu, baada ya kukitia rangi ya buluu. Tangu siku hiyo ilijulikana kwamba ugonjwa huo huambukizwa na kijidudu, wala si laana ya ukoo. Leo twajua kwamba mgonjwa akikohoa hukitoa hewani.

Koch alifika Afrika Mashariki pia. Mwaka 1905 alichunguza homa ya papasi, akawakuta papasi wamejificha katika vibanda walimolala wapagazi kando ya njia za misafara. Sisi watu wa Tabora, mji uliokuwa kituo kikuu cha misafara, habari hiyo yatugusa. Mwaka huohuo alipewa Tuzo ya Nobel.

Lakini hakuwa mtu asiyekosea. Mwaka 1890 alitangaza dawa ya kifua kikuu, nayo haikuponya. Tena mwaka 1906 na 1907, katika visiwa vya Ssese, Uganda, aliwatibu wagonjwa wa malale kwa atoksili, dawa yenye sumu, na baadhi yao wakapofuka. Haifai kumsifu tukawasahau hao. Alifariki Baden-Baden tarehe 27 Mei 1910.

Kazi ya kuvitafuta vijidudu imeendelea. Makohozi hutiwa rangi ya auramini, yakamulikwa chini ya hadubini. Kijidudu cha kifua kikuu hung'aa katika giza kama kimulimuli. Mng'ao huo huitwa floresensi. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza hadubini za namna hiyo zenye taa ndogo za umeme. Ziko pia mashine zinazovuta hewa na kumulika kila chembe kwa mwanga wa urujuanimno. Chembe zenye uhai hung'aa, vumbi la kawaida kwa kadiri kubwa halifanyi hivyo, na hesabu hupatikana papo hapo. Koch alingoja siku nyingi, mashine haingoji. Lakini nayo haiwezi kutaja jina la kijidudu, wala kumpeleka mgonjwa hospitali.

Basi ndugu zangu tunaolala bwenini, na ninyi wazazi wetu, tufungue madirisha. Na yeyote aliyekohoa kwa majuma mawili asione haya, aende akapimwe. Kifua kikuu kina dawa. Aibu ndiyo inayokificha.